Ramani Haitangulii Kiwanja

Siku hizi mtu wa Kigoma akitaka kujenga huanza na simu. Anatazama picha usiku kucha, anachagua nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, sebule pana, jiko lililoungana na meza ya chakula, paa la kuficha bati. Anamlipa mchoraji aliyeko mji mwingine, anatumiwa ramani, anaitoa kwenye karatasi kubwa na kuikunja vizuri kwenye bahasha. Hapo ndipo anaanza kutafuta kiwanja. Mwambie ameanzia mwisho, atakujibu kama mtu anayesema jambo ambalo kila mwenye akili analijua: ramani kwanza, kiwanja utapata, na fundi mzuri anajenga popote.

Si kweli. Na kwa mji wetu huu, uongo huo umekula akiba za watu wengi mno kuendelea kunyamaziwa.

Ramani hizo zimechorwa kana kwamba dunia nzima ni tambarare. Kigoma ni vilima. Toka stesheni upande kwenda Mwanga, nenda Bangwe, zunguka Gungu, utaona nyumba zimeshikilia miteremko, na maji ya mvua yamejichimbia njia katikati yake. Chukua nyumba ya kawaida, urefu mita 14, upana mita 10. Ilaze kwa urefu wake kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 7, jambo la kawaida kabisa kwetu. Upande wa chini sakafu itakuwa mita 2 juu ya ardhi. Ili uijaze hiyo nafasi unahitaji kifusi cha mita za ujazo 140. Tipa ikibeba mita 7, hizo ni safari 20, na bado hujaweka tofali hata moja la ukuta ambao mtu atauona.

Fedha si mwisho wa hasara. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, kinashuka taratibu, jamvi linapasuka, milango inaanza kugoma kufunga. Ukuta wa msingi ulioinuka mita 2 unasukumwa na mzigo wote huo kutoka ndani. Upande wa mlimani nako nyumba imekuwa bwawa: maji yanateremka, yanagonga ukuta wa nyuma, yanatafuta pa kupita, na plasta inabanduka kila mwaka hata ukipaka rangi mara ngapi. Tena sisi tunakaa kwenye bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie, ng'ambo yetu. Msingi mrefu wa tofali usio na nguzo wala mkanda wa zege si mahali pa kulaza watoto.

Nilikuwepo jamaa yangu alipomkabidhi fundi ramani ya namna hiyo, upande wa Bangwe. Fundi aliikunjua juu ya rundo la mawe, akatazama bondeni, akarudi kutazama karatasi. "Mzee wangu," akasema, "hii nyumba ni ya uwanja wa mpira. Hapa tungeikata mara mbili, sebule juu, vyumba chini, katikati ngazi." Jamaa yangu alikasirika. "Fundi, wewe jenga kilichochorwa. Hela ipo." Hela iliishia kwenye msingi. Ni mwaka wa nne sasa, na ndani ya ule msingi imeota mipapai.

Yule fundi alikuwa sahihi kwa hesabu, wala si kwa ubishi. Igawe ile nyumba ya mita 14 kwa 10 iwe na sakafu mbili zinazopishana mita 1, na kifusi kinashuka kutoka mita za ujazo 140 hadi 70. Unachoongeza ni ngazi ya vidato sita. Ukichimba kidogo upande wa juu na kumwaga udongo huohuo upande wa chini, kifusi cha kununua kinapungua tena. Lakini nyumba ya namna hiyo haipatikani kwenye simu, kwa sababu aliyechora hakujua mlima wako upo.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma zaidi. Mwenye ramani ya tambarare, akishindwa na mlima, anatafuta tambarare. Na tambarare nyingi iliyobaki karibu na mji iko wapi? Ufukweni na mabondeni. Ile karatasi iliyoko kwenye bahasha inamshika mkono mtu mzima na kumteremsha hadi majini. Atakwambia ziwa liko mbali, na kwamba tangu azaliwe halijafika pale.

Ziwa Tanganyika linahama, na ushahidi tunao mlangoni. Nenda pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali panapotajwa kuwa ndipo walipokutana yeye na Stanley mwaka 1871. Wakati huo maji yalikuwa jirani kabisa na mji. Leo ukitaka kunawa mikono ziwani kutokea pale, unatembea. Sababu iko upande wa pili, Kalemie, ambako Mto Lukuga ndio mlango pekee wa kumwaga maji ya ziwa hili. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliukuta umezibwa kwa matope na matete. Mnamo 1878 kizuizi kikabomoka, na katika miaka isiyofika 20 ziwa likashuka takriban mita 10. Ardhi mpya ikaonekana, watu wakalima, watu wakajenga.

Kisha likarudi. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha hadi kilele cha mwaka 1964. Kuanzia 2020 likaanza kupanda tena, na kufikia 2024 likawa na kimo ambacho hakijaonekana tangu enzi zile. Bujumbura, Uvira na Kalemie maelfu ya watu walihama nyumba zao. Kwetu nako maji yaliingia kwenye majengo ya kando ya ziwa. Wala si ajabu. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kugeuka mvuke, na mlango wa kuyamwaga ni huo mmoja tu. Mvua zikizidi miaka michache mfululizo, hayana pengine pa kwenda ila juu, kwenye fukwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tukae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Iheshimu, lakini usidhani imekumalizia kazi ya kufikiri. Ufuko ukiwa bapa, unapanda mita 1 tu kwa kila mita 30, ziwa likiongezeka mita 2 limekwisha zote 60. Kinachookoa nyumba hapo ni kimo chake juu ya maji. Mzee wa mtaa aliyeshuhudia 1964 ana jibu hilo kuliko mchoraji yeyote, nawe unaweza kumfuata kesho asubuhi bila kulipa kitu.

Kuna na jua. Ziwa letu liko magharibi, na kila mmoja anataka madirisha makubwa ya kutazama maji. Haki yake. Lakini kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jua linaingia moja kwa moja kwenye madirisha hayohayo, na sebule iliyokula fedha kuliko vyumba vyote inakuwa haikaliki hadi magharibi. Watu wa Ujiji walilijua hili kabla ya saruji. Stanley ameandika kwamba yeye na Livingstone walikaa barazani, chini ya paa lililotokeza mbele ya nyumba ya udongo. Baraza pana upande wa ziwa hukupa maji ya kutazama na kivuli kwa pamoja. Paa la kuficha bati halina ukingo wa kutokeza: jua linapiga ukuta, mvua inapiga ukuta, na mfereji uliofichwa juu ukiziba majani katikati ya mvua, maji yanateremkia ndani.

Jikoni sitakaa sana, maana akina mama wamekwisha kutoa jibu. Jiko la kwenye simu liko wazi sebuleni. Mgebuka ukikaangwa kwa mawese humo, makochi yatanukia wiki nzima. Muhogo nao unaanikwa wapi? Ndiyo maana nyumba nyingi mpya, kabla hata hazijapakwa rangi, zinaongezewa kibanda cha kupikia nyuma, hakimo kwenye ramani na kimebanwa kwenye ukuta wa jirani. Nyumba ya Kiswahili ya Ujiji ilikuwa na uani tangu siku ya kwanza.

Najua jibu linalokuja: msanifu ni ghali, ramani ya simu ni rahisi. Sina ugomvi na vijana wanaochora. Wanatafuta riziki, na wengi wana mkono mzuri. Ila hata hao mpe kwanza vipimo vya kiwanja chako. Mpira mwepesi unaopitisha mwanga, umejazwa maji, pamoja na fito mbili, utakuonyesha ardhi inashuka kiasi gani toka kona hadi kona. Mafundi wetu wanaujua huo tangu zamani, na ni kazi ya asubuhi moja. Andika vipimo hivyo, andika ziwa liko upande gani, maji ya mlimani yanapita wapi, mnapikia nini, kisha ndipo umwambie mchoraji aanze.

Wewe uliye na bahasha mkononi, iweke kabatini kwanza. Mvua ikianza, vaa mabuti uende kiwanjani, usimame pale mpaka ikatike, uone maji yanapita wapi.