Mshika mbili si lazima aponyokwe



Msimu wa michezo ukianza, viti vya darasani kwetu hubaki vitupu Jumamosi. Wengine mnatuambia wazi: "Mwalimu, mshika mbili moja humponyoka." Leo naomba niubishie kidogo msemo huo.

Jon Cornish, mzaliwa wa British Columbia, alianza kuichezea Calgary Stampeders mwaka 2007. Katika futiboli ya Kanada, ile ya kofia ngumu, kazi yake ilikuwa kupokea mpira na kupenya nao ukuta wa watu. Mwaka 2012 alikimbia yadi 1,457, akavunja rekodi ya wachezaji Wakanada iliyowekwa mwaka 1956 na Normie Kwong, mtoto wa wahamiaji kutoka China ambaye baadaye alikuwa Luteni Gavana wa Alberta. Mwaka 2013 Cornish alifikisha yadi 1,813 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Mimi hainivutii rekodi. Inanivutia kwamba, akiwa bado mchezaji, alifanya pia kazi benki. Mwaka 2015, baada ya mtikisiko wa ubongo, alistaafu akiwa na miaka 31. Naamini ni rahisi zaidi kuuacha uwanja ukiwa na pa kwenda. Mwaka 2022 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Calgary.

Sisemi mtoto atolewe mchezoni. Naomba mawili tu.

Kwanza, mazoezi yakigongana na darasa, tuzungumze. Mtoto akichelewa, aje hivyo hivyo na jezi yake. Hatutamfukuza.

Pili, akigongwa kichwa, asirudi uwanjani siku hiyo. Apelekwe kwa daktari, hata kama anasema yuko sawa. Na hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Usiku huo huenda aliye naye nyumbani ni bibi, asiyejua Kiingereza. Je, mtoto ataweza kumwambia, "Bibi, naona kizunguzungu, mwanga unaniumiza macho, nasikia kichefuchefu"? Maneno hayo tutayafundisha Jumamosi ijayo. Ningependa hasa wanamichezo wetu wawepo.

Tusiwalazimishe watoto kuchagua kabla ya wakati. Mikono wanayo miwili.