Meza Kubwa, Sebule Ndogo

Leo nina dukuduku kuhusu meza ya kulia chakula. Msicheke kwanza.

Sebule yetu ni futi 10 kwa futi 10. Mwaka jana baba aliagiza meza ya watu sita kwa seremala wa kando ya barabara. Ni meza nzuri ajabu, urefu futi 6, upana futi 3, nayo vanishi inang'aa kama kioo. Siku ilipoletwa majirani walitoka nje kutazama. Taabu ilianzia mlangoni, maana ilikataa kuingia mpaka miguu ikafunguliwa. Kisha kochi moja likahamishiwa chumbani tunamolala. Hata hivyo viti vya upande wa ukuta havivutiki. Atakaye kuketi huko huingia kiubavu mithili ya kaa, na akishaketi ndio basi, hatoki mpaka wenzake wamalize. Nyanya hajawahi kuketi hapo hata siku moja. Sote tunakula kochini, sahani magotini, na meza imefunikwa kitambaa alichofuma mama, inangoja wageni.

Hapo ndipo nasema jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi. Wenzetu wa bweni wana prepu, wana taa na dawati. Sisi wa kutwa dawati letu la jioni ni meza ya nyumbani, hatuna lingine. Lakini ile yetu hairuhusiwi wino, kwa hivyo mimi huandikia kwenye stuli ya chai. Stuli haifiki hata magotini vizuri. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sitaki cha mvunguni, nataka tu kumaliza insha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hata mimi niliyepata D ya hisabati muhula wa kwanza niliiweza. Mlaji mmoja huhitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza, yaani futi 2. Nyuma yake, ili kiti kivutwe na mtu apite, acha kama futi 3. Basi katika futi 10 toa 3 huku na 3 kule, zinabaki 4. Futi nne tu! Na makochi bado hatujayahesabu. Kwa hivyo sebule kama yetu yafaa meza ya futi 4 kwa 2 na nusu, au ya duara ambayo haina pembe za kutugonga nyonga. Urefu wa kwenda juu uwe kama sentimita 75, na kiti kama 45, mapaja yapate pa kupita.

Kuna wazee watakaouliza, "Na wageni je?" Wageni wetu huja Krismasi, tena hawaji sita, huja ishirini. Siku hiyo hata hiyo meza kubwa haitoshi, watu huketi nje kwenye mabenchi ya kuazima. Sasa kwa nini tubanane mwaka mzima kwa ajili ya siku moja?

Simlaumu mzee wangu, jamani. Alikulia nyumba ambayo watoto walikula jikoni na wakubwa sebuleni, akaapa kwamba wake watakula naye meza moja. Sisi ni sita, naye akanunua ya sita. Alihesabu watu, hakupima chumba. Na hata sita tungeenea kwenye ile ndogo: benchi moja kila upande, wawili wawili, na kiti kila mwisho. Tungegusana viwiko, lakini benchi huingia chini ya meza mkimaliza kula.

Juzi nilitandaza magazeti ya zamani sakafuni kwa kipimo hicho, nikamwita. Alizunguka mara mbili bila kugonga kitu. Nyanya naye akapita na fimbo yake. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tutaona Desemba."

Kwa sasa nimepewa pembe moja ya ile kubwa, karibu na mlango, baada ya chakula cha jioni, mradi niweke gazeti chini ya daftari. Makala haya nimeyaandikia hapo.