Keki ya Mtoto na Jibu la Ibn Abbas

  

Ndugu Waislamu, hapa Dunda, kama ilivyo katika miji mingine ya pwani, wako mama zetu na dada zetu wanaoendesha maisha kwa kuoka keki nyumbani. Mteja huja na picha katika simu: mwanawe anatimiza miaka 5, naye ataka juu ya keki asimame Spider-Man. Mwingine binti yake ampenda Barbie, basi keki iwe gauni na mwanasesere aibuke juu yake. Mwokaji hukanda sukari laini, huitia rangi, kisha hufinyanga kichwa, mikono na macho. Kazi hiyo ndiyo inayonunua sare za shule na kulipa kodi ya nyumba. Je, sheria inamwambia nini mama huyu? Swali lake halifai kujibiwa kwa kukemewa, wala halifai kunyamaziwa.

Kwanza tuitenge sherehe na keki. Kuhusu kuadhimisha siku ya kuzaliwa, Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, alikataza. Mwaka 2008 Sheikh Salman al-Ouda alisema katika televisheni kwamba haina ubaya, na Mufti Mkuu wa Saudia wa wakati huo, Sheikh Abdulaziz Aal Sheikh, akampinga hadharani. Sisi twaegemea kauli ya kukataza, kwani Waislamu wamepewa Idi mbili, na mishumaa juu ya keki ya mtoto ni desturi iliyojulikana kwa Wajerumani tangu karne ya 18. Lakini keki ya mtoto haiokwi kwa ajili ya siku hiyo peke yake. Yuko aliyehitimu Juzuu Amma, yuko aliyekamilisha funga yake ya kwanza, na iko siku ya Idi yenyewe. Kwa hiyo suala la pambo linabaki palepale.

Swali la mwokaji wetu liliulizwa kale. Amepokea Imam Bukhari, katika kitabu cha biashara, kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.), akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): mwenye kutengeneza sura ataadhibiwa mpaka aipulizie roho, naye hataweza kamwe. Yule mtu akapandisha pumzi kwa hofu, uso ukamgeuka rangi. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza: ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi atengeneze miti na kila kisichokuwa na roho.

Tuizingatie hekima hii. Ibn Abbas hakumpunguzia ukweli kwa kuihurumia riziki yake, wala hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimzuilia jambo moja, akamwachia miti, maua, bahari, nyota na majengo.

Wako wanaohoji kwamba Bibi Aisha (r.a.) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), naye hakumkataza. Hilo ni kweli, na hadithi yake ni sahihi. Tena Asbagh bin al-Faraj, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri, aliruhusu sura zilizofanywa kwa vitu visivyodumu, kama unga uliokandwa. Na keki huliwa siku hiyohiyo. Mwenye kuifuata kauli hii asitukanwe. Hata hivyo, jumhuri ya wanachuoni hawakutofautisha kinachodumu na kisichodumu, na ruhusa ya wanasesere waliiacha katika michezo ya watoto. Kuepuka shaka ndiko salama zaidi kwa dini ya mtu.

Wala mteja asidhani kwamba keki isiyo na sura ni keki duni. Iangalieni milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wetu: fundi alichonga maua, majani na minyororo, na hadi leo wageni huja kuistaajabia. Mwanamke anayechora hina ya maua mkononi mwa bibi harusi, mkono wake huohuo waweza kubana mfuko wa krimu. Na aoke jahazi lenye tanga, minazi ya ufukweni, msikiti na mnara wake, au kapu la matunda. Mtoto wa mvuvi ataifurahia ngalawa kama ya baba yake. Ila asiandike aya wala jina la Allah juu ya kitu kitakachokatwa kwa kisu.

Jambo la pili ni kilichomo ndani ya pambo. Jelatini, inayotiwa katika baadhi ya sukari za kufinyangia, hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutengenezwa kwa wadudu. Mwokaji asome maandishi ya pakiti. Yasipotaja asili ya jelatini, aiache. Siagi na sukari ya unga vyatosha kupamba.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Wapo wanaolipia keki kubwa kila mwaka, na mtoto wao hajachinjiwa akika. Hadithi ya Samura bin Jundub (r.a.) imetufunza kwamba mtoto huchinjiwa siku ya saba, akanyolewa na kupewa jina. Mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike. Asiyeweza wawili, mmoja humtosha. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, wakati wa baba haupiti mpaka mtoto abaleghe. Basi wewe uliyekwisha kuagiza keki ya mwaka wa tano, bado una nafasi. Anza na mbuzi, walishe jirani na yatima, kisha mwanao apate kipande chake cha keki yenye jahazi.

Wallahu a'lam.