Mavini, mabati na masikio

Kijana anayeanza kurekodi nyimbo za injili za Kimeru chumbani mwake Kibirichia hakosi washauri, na wengine watamfilisi.

Dai la kwanza ni kwamba bila spika kubwa hakuna muziki. Spika wanayoifikiria ni ile wufa ya sebuleni, iliyoundwa kusudi iongeze besi. Ukipimia wimbo kwenye kifaa kinachokupa besi ya bure, utaipunguza kwenye wimbo wenyewe, kisha uusikie umekonda ukipigwa ndani ya matatu ya Meru. Hata spika za studio, zile zisizoipamba sauti, haziponi mbele ya chumba kidogo. Chumba chenye urefu wa mita 3.4 huzivimbisha noti zilizo karibu na hezi 50. Sogeza kiti hatua moja, besi ile ile inatoweka. Hapo mvua ya Novemba bado haijaanza kuyapiga mabati.

"Basi bandika trei za mayai ukutani." Trei ni karatasi nyepesi: hugusa sauti za juu kidogo tu, besi inapita, na jirani anaendelea kukulaani. Godoro lililosimamishwa konani na blanketi zito vitapunguza mwangwi, ila navyo havitamwokoa jirani.

Ndiyo maana nasema hedifoni kwanza, spika baadaye. Lakini kuna dai hapa linaloniudhi: eti starehe ni ya wasikilizaji, fundi avumilie. Hedifoni inayouma humchosha mtu ndani ya nusu saa tu, naye akichoka huenda akaongeza sauti ili asikie vizuri. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 89 umebakiwa na saa 5, na wimbo wenyewe haujafika kiitikio.

Wapo wanaoshikilia kwamba lazima hedifoni zibane ndipo besi itoke. Hiyo ni nusu ya kweli. Besi hutaka mto wa hedifoni uzunguke sikio bila mwanya, na mto mpana, laini, huziba bila kubana. Anayefungua mwanya ni wewe, na mavini yako, kofia uliyoivaa kwa baridi ya Mlima Kenya. Ipandishe juu ya masikio usikie tofauti. (Mito ya ngozi bandia inayowatoa watu wa Mombasa jasho, huku ni neema.) Miwani yenye mikono minene nayo hufungua mwanya.

Bluetooth? Ya kusikilizia, sawa. Ukipiga kibodi, mara nyingi sauti hufika kati ya milisekunde 100 na 200 baada ya kidole. Chukua waya.

Dai la omu nyingi, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, kumaanisha ubora nalo linawaponza wengi. DT 770 Pro ya Beyerdynamic huuzwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Ile ya 250 ukiichomeka kwenye simu itanong'ona tu. Omu haipimi ubora. MDR-7506 ya Sony, iliyotoka 1991, ina omu 63 na bado inafanya kazi studioni.

Ukienda dukani Meru, nenda na miwani yako, vaa hedifoni dakika 20 bila hata kuwasha muziki. Muuzaji akikuharakisha, mwachie bidhaa yake.