Usiihukumu Themostati Kabla ya Kuipima

Iko desturi moja katika nchi yetu ambayo naona yafaa kusemwa waziwazi katika gazeti hili la shule. Motokaa ikichemsha njiani na kufikishwa gereji, mara nyingi shauri la kwanza litolewalo ni hili: "Toa themostati, tupa." Sababu itajwayo ni kwamba nchi yetu ni ya joto, na kidude kile kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Mwenye gari hulipa, hushukuru, akaenda zake. Mimi nasema shauri hilo si la haki, tena laleta hasara, na sisi tusomao fizikia hatuna udhuru wa kulinyamazia.

Kwanza tuielewe kazi ya themostati. Pampu husukuma maji ndani ya injini. Maji hupata moto, huenda kwenye rejeta kupoa, kisha hurudi. Themostati ni mlango ulio katika njia hiyo. Ndani yake mna kikopo kidogo chenye nta. Nta ikiyeyuka hutanuka, husukuma pini, na mlango hufunguka. Ikipoa, springi huurudisha mlango mahali pake. Mtindo huu wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet wa Marekani katika miaka ya 1930, na mpaka leo motokaa nyingi zautumia. Nyingi huanza kufunguka baina ya digrii 82 na 95 za Sentigredi, na hesabu yenyewe kwa kawaida imepigwa chapa juu ya chuma chake.

Sasa tuipime ile hoja ya nchi ya joto. Mchana wa jua kali Dar es Salaam hewa hufika digrii 32 hivi. Ikiwa injini yataka digrii 88, bado pana mwendo wa digrii 56. Kwa hiyo jua letu haliwezi kuifanya kazi ya themostati. Injini haitaki baridi, yataka joto la kadiri. Ikikosa joto hilo hula petroli zaidi, na oili haipati moto wa kutosha kuufukuza unyevu, ikageuka tope. Katika motokaa za siku hizi kompyuta ya injini hudhani gari bado halijapata moto, ikaendelea kumimina mafuta. Pengine huwasha taa ya onyo, na chombo cha kusomea huonyesha namba P0128.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili. Mlango wa rejeta ukifunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato ambayo maji huipita kurudi katika injini bila kupoa. Ukiitupa themostati, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta. Basi motokaa iliyotolewa themostati ili isichemshe yaweza kuchemsha zaidi inapopandisha mlima kama Kitonga na mzigo juu yake.

Lakini ubaya mkubwa kuliko wote ni kwamba ugonjwa wenyewe haukutafutwa. Kuchemsha ni dalili, kama homa. Daktari hampi kila mwenye homa dawa moja bila kumpima. Utaratibu ufaao ni huu. Injini ikiwa imepoa kabisa, tazama kwanza kama maji yamo. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta ungali na moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya nguvu hupasuka nje na kuunguza uso na mikono. Kisha tafuta mahali panapovuja, tazama mipira, mkanda wa feni, na feni yenyewe kama yazunguka. Tazama kama rejeta imezibwa na tope au wadudu. Yote haya hayahitaji hata spana moja.

Baada ya hapo ndipo umfikie huyo mshitakiwa. Washa injini, ukaiangalie geji. Mshale ukipanda upesi kupita kiasi, na mpira wa kwenda kwenye rejeta ungali baridi, shuku kwamba themostati imekwama ikiwa imefungwa. Mshale ukikaa chini hata baada ya mwendo mrefu, na mpira ukapata joto polepole tangu mwanzo, shuku kwamba imekwama ikiwa wazi. Ukiona mapovu katika maji, moshi mweupe mwingi usiokwisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, jambo hilo ni la gasketi ya silinda hedi, wala themostati haihusiki.

Hata geji isiaminiwe peke yake. Hupata habari zake kwa kipimo kilichozama katika maji. Maji yakiisha, kipimo hubaki hewani, na mshale waweza kushuka hali injini inaungua. Tena katika motokaa nyingi za sasa mshale umetengenezwa utulie katikati ingawa joto lapanda na kushuka kidogo.

Na kuipima themostati ni kazi ya dakika chache. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Pasha moto, ukaandike digrii ambayo mlango waanza kufunguka. Lakini watu wa nyanda za juu waangalie. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka karibu na digrii 94. Themostati ya 88 itaanza kufunguka mbele ya macho yako, lakini kufunguka kabisa kwataka digrii kama kumi zaidi, na sufuria iliyo wazi haifiki huko. Usiseme ni mbovu kwa sababu hiyo.

Hesabu hiyo hiyo yatufundisha thamani ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima huyabana maji yasichemke hata kupita digrii 115. Mfuniko uliolegea huyaacha yachemke kwenye 94, digrii sita tu baada ya themostati yetu kuanza kufunguka. Ni mara ngapi themostati nzima imetupwa kwa kosa la mfuniko?

Wako watakaosema kwamba mafundi wetu wana uzoefu wa miaka mingi, na mwanafunzi hana haki ya kuwafundisha. Mafundi ni watu wa kuheshimiwa, na wengi wao hupima kabla ya kufungua. Sigombani na fundi; nagombana na mazoea. Fundi hodari hatachukia akiombwa kwa adabu, "Bwana fundi, tuonyeshe ulivyojua." Mzazi ambaye gari lake ndilo shamba lake, ambaye kwa gari hilo hulipa karo na kununua unga, ana haki ya kuuliza hivyo. Injini ikiharibika, si chuma peke yake kiharibikacho. Nyumba nzima hulala njaa.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. La kwanza, walimu wetu wa fizikia watuwekee themostati kuukuu mezani, pamoja na sufuria na kipimajoto, ili somo la kutanuka kwa vitu litoke katika kitabu lije mikononi. La pili, kila mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna gari, aende likizo na maarifa haya, akasaidie kutazama maji na mfuniko kila asubuhi kabla injini haijawashwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze kwamba ufa huzibwa na yule aliyeutafuta kwanza mahali ulipo.