Ramani ya Ulimi Ifutwe Ubaoni

Kwa miaka mingi mchoro mmoja umekuwa ukihama kutoka kitabu hadi kitabu: ulimi uliogawanywa kama shamba la urithi, utamu ukipewa ncha, chumvi na ukali wa ndimu zikipewa kingo, na uchungu ukisukumwa nyuma karibu na koo. Wanafunzi wameukariri, na walimu wameutolea alama. Mchoro huo si sahihi, na haufai kuendelea kufundishwa.

Asili yake ni utafiti wa Mjerumani David Hänig, uliochapishwa mwaka 1901. Hänig alipima wepesi wa sehemu mbalimbali za ulimi katika kuhisi ladha, akakuta tofauti ndogo ndogo tu. Mwaka 1942 Edwin Boring, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alizichora upya tarakimu hizo kwa namna iliyowafanya wasomaji wadhani kwamba palipo na hisi hafifu hapana hisi kabisa. Virginia Collings alirudia vipimo mwaka 1974, na tofauti zikaonekana tena kuwa ndogo. Kosa lilisahihishwa zamani. Vitabu ndivyo vilivyochelewa.

Ukweli wenyewe unavutia kuliko ramani. Kila kinundu cha kuonjea kina seli zipatazo 50 hadi 100, na popote vinundu vilipo, ladha zote tano huhisiwa. Ya tano ni umami, ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama iliyoelezwa na Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908, ambayo ramani haikuipa hata pembe.

Juu ya utando wa seli hizo zimo protini ziitwazo vipokezi. Sukari hunaswa na jozi ya vipokezi, T1R2 na T1R3. Umami hunaswa na T1R1 pamoja na T1R3 yule yule. Kwa uchungu, binadamu ana vipokezi vya aina zipatazo 25. Si ajabu: sumu nyingi za mimea ni chungu, nazo zina maumbo mengi mno. Kipokezi kikiisha kunasa molekuli yake, kalsiamu huachiliwa ndani ya seli, seli hutoa ATP, na neva huupelekea ubongo habari. Ukali wa ndimu hufuata njia fupi zaidi: ioni za hidrojeni huingia moja kwa moja kupitia mlango wa protini OTOP1, iliyotambuliwa mwaka 2018.

Wako watakaoutetea mchoro kwa kuwa ni rahisi na haudhuru. Kurahisisha ni wajibu wa mwalimu, lakini ramani hii hairahisishi kitu. Inasema jambo ambalo ulimi wa kila mwanafunzi unalikanusha. Kijana aliyeionja chumvi kwenye ncha ya ulimi, kisha akaandika katika mtihani kwamba haionjeki hapo ili asikose alama, amedhurika.

Jaribio lenyewe halina gharama. Yatosha maji safi yaliyotiwa chumvi, sukari au ndimu, na pamba juu ya kijiti, kila mwanafunzi na chake, akisukutua kinywa kila baada ya kuonja. Lifanyike darasani, wala si maabarani penye kemikali, na majibu yaandikwe kabla ya kitabu kufunguliwa.