Range Iliundwa kwa Matope, Sisi Tumeifanya Kiti cha Enzi

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya Range Vogue na maneno "siku moja, Inshallah". Amin, kuota si dhambi. Lakini wengi wetu hapa Garsen tunaiabudu hiyo gari bila kujua ilikotoka.

Baada ya vita vikuu, Rover ya Uingereza ilitoa Land Rover mwaka 1948. Hiyo ndiyo Landrova ambayo wazee wetu wanaikumbuka kama gari ya DC na polisi. Range Rover ikafuata Juni 1970: V8 ya lita 3.5, springi laini, milango 2 tu. Na sikizeni hii: viti vilikuwa vya plastiki na sakafu ya mpira, ndio ukitoka shambani umejaa matope uioshe kwa mpira wa maji. Ndani! Jaribu kumwagia maji viti vya mheshimiwa leo uone kama hutalala ndani.

Mwaka 1972 wanajeshi wa Uingereza walipitisha Range 2 kwenye msitu na vinamasi vya Darién, kati ya Panama na Kolombia, mahali pasipo na barabara kabisa. Anasa ilikuja baadaye. Milango 4 ilifika 1981, na mwaka huo huo likatoka toleo la "In Vogue", jina la jarida la fasheni. Leo hata si mali ya Waingereza, tangu 2008 iko chini ya Tata ya India.

Sasa maoni yangu. Gari iliyozaliwa kwa ajili ya matope imegeuka kuwa njia ya kusema "matope hayanihusu". Wakati wa kampeni zinapita hapa vioo vimefungwa, sisi tunakula vumbi na kupiga makofi. Mto Tana ukifurika, huzioni. Mwisho wa 2023 maji yalikata barabara ya Garsen–Lamu, watu wakavuka kwa boti. Aprili 2024 boti ikapinduka Kona Punda, upande wa Madogo, na watu wakafa. Walikuwa wanavuka mahali ambapo kwa kawaida ni barabara. Pale hata Range ya 1970 isingesaidia. Kinachosaidia ni tuta lililoinuliwa, kalvati za kutosha na daraja.

Mtaniambia nina wivu. Sawa. Lakini gari kubwa ni ya mtu mmoja, barabara ni ya mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, ni ya mkulima wa maembe, ni ya mfugaji.

Kwa hivyo 2027 akija mtu na Vogue yake, kabla hujatoa simu kupiga selfi, muulize: ile barabara itainuliwa lini, na pesa zake ziko kwenye bajeti gani? Akinyamaza, mpe mpira wa maji aoshe gari yake aende.

Nyinyi mnaonaje?